Kiti cha Katikati

Mafundi wa spika wana ugonjwa mmoja: wakishafunga kazi hawapendi kuiona tena. Huyu wetu alikuwa ameuzidisha. Kila alipomaliza alifunga sanduku lake la zana, akakung'uta mikono na kusema "Shwari!" hata kabla mwenye nyumba hajasikiliza wimbo mmoja hadi mwisho. Watu wakamwita Shwari, na jina likamkaa kuliko lile alilopewa na mama yake.

Alikuwa fundi mzuri, tusimvunjie heshima. Alijua kupitisha waya chini ya zulia bila kuacha kivimbe, na akiingia sebuleni alijua kwa kupiga kofi moja tu kama chumba kina mwangwi. Kasoro yake ilikuwa haraka. Haraka ya fundi hodari ni mbaya kuliko ya mwanafunzi, maana hakuna anayeikagua.

Jumamosi hiyo asubuhi alikuwa amepiga magoti sebuleni kwa mzee mmoja fundi wa injini, akifungua boksi la spika mpya. Binti wa mzee, mfamasia mwenye maneno mengi na moyo mwema, alisimama nyuma yake akimweleza kwa sauti ya chini kwa nini ameinunua.

"Masikio ya Baba yamekwisha, fundi. Yamekwisha kabisa. Nimeambiwa spika ya katikati ndiyo inayobeba maneno ya watu, basi nikasema nimnunulie, angalau asikie taarifa ya habari."

"Ni kweli, dada. Ya katikati ndiyo ya maneno."

"Si unakumbuka nilikupigia? Ukaniambia nimpeleke akapimwe. Mungu akubariki kwa ushauri ule, sisi tulikuwa tunabishana naye bure."

Alikumbuka. Miezi minane iliyopita aliwafungia sinema ya nyumbani: risiva, lile boksi jeusi linalogawa sauti, spika mbili za mbele, mbili za nyuma, na moja nene ya besi. Ya katikati walisema wataiongeza baadaye. Mwezi mmoja ulipopita binti akapiga simu kwamba Baba analalamika sauti za watu ziko mbali, kama zinatoka nyuma ya ukuta. Shwari alikuwa juu ya ngazi kwa mteja mwingine, simu ameibana kwa bega. Akauliza, "Na nyinyi wengine mnasikia?" Akajibiwa wanasikia vizuri sana. "Basi mashine ni shwari, dada. Mpeleke mzee akapimwe masikio, umri huo tena." Akakata simu, akaendelea na ngazi yake.

Mzee alipelekwa hospitali, akaambiwa masikio yamepungua kidogo kama ya mtu yeyote wa rika lake. Neno "kidogo" likaachwa hukohuko. Alinunuliwa vidude viwili vya kuvaa masikioni, na nyumba nzima ikaanza kumpigia kelele, mezani, mlangoni, mbele ya wageni. Mjukuu alimsalimia kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto.

"Kilichommaliza ni gari la mikate," binti aliendelea. "Dereva wake ni mteja wetu wa miaka. Alilileta gerejini likaguliwe. Baba akainama juu ya injini kama kawaida yake, akasikiliza, akampungia mkono aende. Kufika mlimani chuma cha ndani kikakatika, injini ikazima, gari likarudi kinyumenyume hadi mtaroni. Mguu wa yule kaka umevunjika sehemu mbili. Injini ilikuwa inagonga, na Baba hakuisikia. Baba! Zamani alikuwa anakwambia injini inaumwa wapi kabla hujafungua boneti."

"Pole sana."

"Tangu siku hiyo hajatia mguu gerejini. Jumatatu anamkabidhi mpwa wake kila kitu. Anasema fundi wa injini asiye na masikio ni sawa na mshonaji asiye na macho."

Shwari alitikisa kichwa kwa huruma ya kawaida, ile ambayo mtu huitoa kwa jambo lisilomhusu. Akaunganisha spika mpya chini ya televisheni, kisha akaanza kupima.

Upimaji wa sauti una adabu yake. Kimaikrofoni kidogo husimamishwa juu ya stendi ya miguu mitatu mahali anapokaa msikilizaji, kwenye kimo cha masikio yake. Halafu risiva hutoa mlio katika spika moja baada ya nyingine, na kimaikrofoni husikiliza na kupeleka habari. Feni ilizimwa, friji ikachomolewa, mjukuu akatolewa nje na mpira wake. Shwari alisimamisha stendi katika kiti cha katikati, kochi la mtu mmoja lililotazamana na televisheni. Ni yeye mwenyewe aliyelipanga pale, akawaambia, "Hapa ndipo patamu. Hapa akae Mzee." Nao kwa mapenzi yao wakampa. Binti na wanawe walikaa kwenye makochi ya pembeni.

Mzee alikaa karibu na mlango, mikono mikubwa yenye makovu ya mafuta ya moto juu ya magoti. Vile vidude vilikuwa masikioni. Hakutazama kazi ya fundi, jambo la ajabu kwa fundi mwenzake.

"Jamani, dakika tano msikohoe," Shwari akasema, akabonyeza.

Fyuup, kushoto. Fyuup, kulia. Mlio ukazunguka chumba kizima, kisha ukatulia. Kwenye skrini yakatokea maandishi mekundu: spika ya mbele kushoto, kagua waya. Chini yake machaguo mawili, kurudia au kuruka.

Kidole chake kilikuwa tayari njiani kwenda kwenye kuruka. Hapo ndipo kikasimama, kwa sababu aliyakumbuka maandishi hayo. Yalitokea siku ile ya kwanza, spika ileile, chumba hikihiki. Mteja mwingine alikuwa amempigia mara tatu, na onyo hili kila fundi analijua kwa uzushi wake: ukuta ukiwa karibu au kabati la vioo likirudisha sauti, mashine hulalamika bila kosa lolote. Utaratibu ni kwenda kukagua waya kwanza, ndipo uruke. Siku ile aliruka, na kukagua hakukagua.

Akaenda nyuma ya spika ya kushoto, akapiga magoti, akawasha tochi ya simu.

Siku ile waya wake wa rangi mbili ulimwishia, akamalizia na kipande cheupe ambacho upande wa chanya huonyeshwa na mstari mwembamba kama unywele. Mstari ulikuwa umechomekwa kwenye tundu jeusi. Chanya kwenye hasi, hasi kwenye chanya, kwa mkono wake mwenyewe.

Hakuhitaji mtu wa kumweleza maana yake. Spika mbili za mbele zikipishana waya, moja inasukuma hewa wakati mwenzake inaivuta, na sauti ya msemaji, ambayo ilitakiwa ikutane katikati, inauana hukohuko katikati. Aliye pembeni haoni shida. Anaisikia ile spika iliyo karibu naye na maisha yanaendelea. Anayeumia ni mmoja tu, yule aliyepewa kiti cha heshima. Huyo atasikia watu wakiongea kama walio nyuma ya ukuta. Mzee alikuwa amesema maneno hayohayo, na fundi juu ya ngazi akayaita umri. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Shwari alikuwa amesingizia masikio ya mtu.

"Kuna tatizo, fundi?" binti akauliza.

"Hapana, dada. Vumbi tu."

Akaugeuza waya. Sekunde kumi, hata bisibisi haikuhitajika. Akarudia upimaji, mashine ikapita bila neno. Akajikaza kisabuni na kuipanga rimoti mezani kana kwamba kuna namna maalumu ya kuipanga. Alijiambia kosa limeshasahihishwa, nani atafaidika kwa kuambiwa? Roho ikamjibu kwa mguu uliovunjika sehemu mbili.

"Mzee, karibu ujaribu."

Mzee akaja, akaketi katikati. Shwari akafungua taarifa ya habari. Mtangazaji alikuwa akisoma habari za bei ya mbolea, na mzee akainua kichwa. Akakunja uso. Akainama mbele kidogo, halafu akarudi nyuma, na macho yakamtoka.

"Huyu yuko hapa," akasema, akionyesha katikati ya televisheni. "Huyu yuko hapahapa."

Binti akapiga kigelegele cha furaha. "Nilisema! Spika ya katikati! Fundi, mikono yako ibarikiwe. Baba anasikia!"

Akaenda kumwita mwanawe nje. Shwari alitazama zulia. Amewahi kusifiwa kwa kazi mbovu, nani hajawahi, lakini sifa hii ilimchoma kooni kama mwiba wa samaki.

Mzee hakufurahi kwa kelele. Alisikiliza mbolea mpaka ikaisha, kisha akasema taratibu, "Zima hiyo spika mpya."

"Mzee?"

"Izime. Gerejini hatubadilishi vitu viwili kwa mara moja. Ukibadilisha plagi na pampu siku moja, gari likapona, hutajua lilikuwa linaumwa nini. Izime, ziache zile za zamani."

Shwari angeweza kusema haizimiki. Uongo ulimfika hadi kwenye meno. Akachukua rimoti, akaizima spika ya katikati, mtangazaji akabaki palepale alipokuwa, safi, katikati ya hewa.

"Bado yuko hapa," mzee akasema. "Basi si spika mpya."

Binti alikuwa amerudi na mtoto mlangoni. "Basi ni vile vidude, Baba! Si walisema vinahitaji muda masikio yavizoee? Sasa vimeanza kazi."

Mzee akagusa sikio la kulia, polepole. Uso wake ukalegea. "Labda," akasema. "Labda ndiyo. Basi ni kweli nilikuwa sisikii."

Alilisema jambo hilo kwa utulivu, karibu kwa shukrani, na Shwari akaona ni unyonge wa mtu aliyekubali kuzikwa akiwa hai. Jumatatu angekabidhi gereji kwa sababu ya unywele mmoja juu ya waya. Kilichotakiwa kwa fundi ni kuitikia tu kwa kichwa, na njia ilikuwa imeshafagiliwa na binti mwenyewe. Akapiga moyo konde.

"Si vidude, Mzee. Ni mimi."

Akaeleza yote, amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. Waya ulioisha, kipande cheupe, onyo jekundu aliloliruka kwa kuwa ana haraka, simu aliyoijibu juu ya ngazi. Akaeleza kwa nini wa pembeni walisikia na wa katikati hakusikia. Hakujipunguzia kitu.

Binti alimtazama kama hajamwona kabla. "Unasema Baba si kiziwi?"

"Anasikia, dada. Alikuwa anasikia kosa langu kuliko sisi wote."

"Miezi saba!" Sauti ikampanda. "Miezi saba tunampigia mtu mzima kelele kama mbuzi aliyeingia shambani! Nimempeleka kupimwa akiwa amekataa! Na wewe ukakaa kimya?"

"Nimejua leo, dada. Ila ningekagua siku ile, ningejua siku ile."

Binti alifungua kinywa aendelee, akakiona kiti, akamwona aliyekaa ndani yake, akafunga kinywa. Akaanza kulia bila sauti. Si fundi aliyekuwa akimpigia Baba kelele mezani.

Mzee alikuwa ametoa vidude na kuviweka juu ya mkono wa kochi. "Rudisha waya ulivyokuwa," akasema.

Shwari akarudisha. Mzee akasikiliza sauti ikirudi nyuma ya ukuta. Akahamia kochi la pembeni, akasikiliza, akarudi katikati. "Geuza tena." Akageuza. Fundi wa injini alifanya hivyo mara tatu, macho amefumba, kama alivyokuwa akifanya zamani juu ya injini ya mtu, na mara ya tatu akasema inatosha.

Shwari alingoja atukanwe. Alikuwa tayari, hata alitaka. Alidhani pia, kwa uficho, kwamba baada ya tusi itakuja furaha: mtu amerudishiwa masikio yake, gereji yake, heshima yake.

"Afadhali ungeninyamazia," mzee akasema.

"Mzee?"

"Lile gari la mikate. Niliisikia injini." Alikuwa akizungumza na magoti yake. "Chini kabisa, upande wa nyuma, tik, tik, tik, kama mtu anagonga meza kwa kucha. Nikainama zaidi, nikaisikia tena. Nikamuuliza mpwa wangu, 'Unasikia?' Akasema, 'Mjomba, hamna kitu.' Nikasimama pale. Nikasema, hivi si ndiyo masikio haya yanayoniambia kila jioni watu wako nyuma ya ukuta? Nikaona aibu. Nikampungia mkono."

"Baba," binti akamwita.

"Alipoumia, mkasema wote hakusikia, mzee wa watu, ni uziwi. Nikalikubali. Nikajifunika uziwi kama blanketi, fundi, na usiku nikawa napata usingizi. Mtu asiyesikia hana hatia. Kumbe nilisikia, na nilisikia sawasawa. Sasa nitajifunika nini?"

Shwari alikuwa ameleta ukweli kama mtu anayerudisha mali ya watu, ajisikie mwepesi, kumbe alikuwa amemtwisha mzee mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Alitamani kuomba radhi, akaona neno lenyewe ni dogo mno. Akaliomba hivyohivyo, "Nisamehe, Mzee," na likaanguka zuliani bila mtu kuliokota.

Baadaye kidogo mzee akanyanyuka. "Una gari?"

"Liko nje."

"Nipeleke kwa dereva."

"Baba, ngoja nijiandae twende wote," binti akasema.

"Wewe baki, mama. Hili ni la mafundi."

Mzee alikuwa ameviacha vidude kwenye kochi, na njiani kila walipopita karakana au kituo cha mafuta aligeuza kichwa kuelekea mlio fulani, kisha akakirudisha mbele haraka. Shwari aliendesha polepole kuliko alivyowahi kuendesha, na simu ilipoita mfukoni, mteja wa saa sita bila shaka, aliiacha iite mpaka ikachoka.

Dereva alikaa chumba kimoja nyuma ya duka la kushona viatu. Alifungua mlango mwenyewe, magongo mawili kwapani, uso ukang'aa kumwona mgeni, na kama walivyofundishwa watu wote mtaani akapaza sauti hadi mshona viatu akageuka.

"SHIKAMOO MZEE! KARIBU SANA!"

"Marahaba. Usinipigie kelele, mwanangu," mzee akasema. "Nasikia. Hata siku ile nilisikia."

Tabasamu la dereva lilikaa usoni kidogo, likisubiri kuelewa, kisha likaondoka. Alirudi kitandani, akakaa, mguu ameunyoosha mbele yake. Mzee akaingia, akakaa kwenye kiti pekee kilichokuwapo, akamsimulia jinsi injini ilivyogonga, mara ngapi, na upande gani. Hakumtaja mtu mwingine. Alisema alisikia na akaogopa kuchekwa, basi. Dereva alisikiliza akiwa ametazama mguu wake. Nje nyundo ya mshona viatu iligonga, ikanyamaza, ikagonga.

"Nilikuuliza, Mzee," dereva akasema hatimaye. "Nilikuuliza, 'Niende?'"

"Uliniuliza."

"Ukanipungia mkono."

"Nilikupungia."

Dereva akapitisha kiganja usoni. Kisha akainua macho na kumwona Shwari, ambaye alikuwa bado kizingitini, hajui kama anatakiwa ndani au nje.

"Na huyu ni nani?"

Mzee hakugeuka. "Aseme mwenyewe."

Shwari angeweza kusema yeye ni mwenye gari tu, amemleta Mzee. Hakuna ambaye angembishia.

"Mimi ni fundi wa spika," akaanza. "Nilimfungia Mzee spika za televisheni yake, nikakosea waya. Mashine ikanionya. Nililiona onyo, nikaliruka. Mzee akaacha kuyaamini masikio yake."

Dereva akachukua magongo yaliyokuwa yamelala kitandani, akayaegemeza ukutani, nafasi ya mtu mmoja ikapatikana kando yake. Lakini hakumwambia akae.